Bamba la Moto la Yasmina

Sombe ya Ijumaa, ile mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa imeungua tena. Sumaya alijua kabla hajafunua sufuria. Harufu ilimfuata hadi kwenye mkeka, nyiradi zake hazijaisha, akazikata katikati, jambo ambalo hakulizoea. Jikoni alizima gesi, akachota ile ya juujuu kwa upawa, taratibu, asiguse chini, akaipakua kwenye sinia pamoja na bugali. Ile ya chini, pamoja na karanga zake zote, ilikuwa imeshikamana na sufuria kama lami.

Yasmina alivuka ua akaja kama ilivyokuwa ada. Walikuwa wajane wa mume mmoja, marehemu Mahmudu, mwenye boti zilizokuwa zikibeba watu na samaki kati ya Baraka na Kazimia. Sumaya alikuwa mke wa kwanza, Yasmina wa pili, kila mmoja na nyumba yake, ua mmoja. Tangu Mahmudu akiwa hai, Ijumaa baada ya swala wake zake walikula sinia moja. Mahmudu alizikwa, eda ikaisha, watoto wakaenda zao, lakini sinia la Ijumaa lilibaki.

Siku hiyo Yasmina alikata tonge, akachovya, akala. Akachovya tena. Halafu akanawa.

"Umeshiba?" Sumaya akamuuliza.

"Nimeshiba, yaya. Asubui nilikula mihogo," Yasmina alimjibu, kwa jina hilo la dada mkubwa alilomwita tangu zamani.

"Iliungua kidogo."

"Haikuungua. Ni ile gaz yako tu, iko na haraka sawa motari wa pikipiki anakimbia mvua."

Wakacheka wote wawili. Lakini Ijumaa iliyofuata Yasmina alituma salamu kwamba kichwa kinamuuma. Na ile iliyofuata hakutuma hata salamu.

Hapo Sumaya akaanza kuhangaika. Alikuwa mwanamke wa kuangalia mambo kwa utulivu, hakuwa wa kukurupuka, na alichokiona kilimtia baridi moyoni: Yasmina alikuwa akipita uani kama mpangaji, anasalimia, anaanika nguo zake, anaingia ndani. Katika dunia hii Sumaya hakuwa na mtu mwingine aliyemjua Mahmudu jinsi alivyokuwa, hasira zake na vichekesho vyake. Akasema moyoni, huyu nikimpoteza nitabaki kuongea na kuta. Akatafuta sababu, akaikuta kwenye sufuria. Chakula kinaungua, mwenzangu hali, basi haji.

Laiti angetafuta nyuma zaidi kidogo.

Gesi ililetwa na Yunusu, mwanawe mkubwa anayefanya biashara Uvira. Jiko la mdomo mmoja na mtungi wake. "Mama, moshi itakumaliza macho," alimwambia, na kweli macho ya Sumaya yalikuwa mekundu kila asubuhi kama ya mtu aliyetoka matangani. Akaipenda ile gesi. Aliweza kuteleka maji ya udhu bila kupepea, bila kikohozi. Na tuseme kweli, alipenda pia majirani wachungulie na waone.

Kabla ya hapo ilikuwa mbabula, lile jiko la makala, makaa ya miti. Kila alfajiri, baada ya kuswali, Sumaya aliiwasha mbele ya jikoni, na makala yakishaiva Yasmina alivuka ua na bamba lake kuja kuchukua moto. Bamba hilo alikuja nalo kutoka Kazimia, alipewa na mama yake: chuma kizito cha mviringo, ukingo wake umekunjwa juu ili kaa lisimwagike, na mpini mfupi wa kushikia. Pembeni lilikuwa na kovu la nyundo, umbo lake kama ukucha wa mtu mzima.

Asubuhi ya kwanza ya ndoa yake, Yasmina alivuka ua na bamba hilo huku wanawake wa mtaa wakiwa wamejipanga kando ya ua wa miti, wanajidai wanachambua mchele. Walitaka kuona kama bibi mkubwa atatoa moto ao atanyima. Kwao, mke wa kwanza akimpa mwenzake moto, amemkubali nyumbani. Akimnyima, mume atajenga pahali pengine.

"Moto iko, yaya?" Yasmina aliuliza, macho chini.

Sumaya alimwacha asimame mpaka wale wachunguliaji wakaanza kuchoka. Halafu akashika koleo, akachagua makaa ya moto ya katikati, yale mekundu kabisa, akampangia kwenye bamba moja moja.

"Iko," akasema.

Tangu siku ile Yasmina hakununua kiberiti. Waligombana, ndiyo, kama wake wa mume mmoja wanavyogombana. Kuna nyakati hawakusemezana kabisa, lakini hata nyakati hizo bamba lilikuja, na makaa yakawekwa, kimya kimya. Wakati wa eda walikaa huku na huku ya mbabula ile ile, nguo nyeupe mwilini, moto katikati.

Basi asubuhi ya kwanza ya gesi Yasmina alivuka ua na bamba lake kama kawaida. Sumaya alikuwa na furaha ya kitu kipya.

"Leo moto hakuna, Mama Bahati. Kuya uone." Akazungusha kifungo, moto wa buluu ukachanua.

Yasmina akauangalia. "Sasa hii nitabeba namna gani?"

"Kamata kiberiti. Mi siko na kazi nacho tena."

Yasmina alipokea kiberiti kwa mikono miwili. Akaliegemeza bamba ukutani, kando ya mlango wa jikoni. "Hii naiacha hapa," akasema, na Sumaya akajibu, "Acha tu," huku amekwisha kugeukia birika lake. Mvua ililinyeshea lile bamba. Kuku walidonoa unga juu yake. Sumaya alipita kando yake kila siku na hakuwahi kujiuliza kwa nini mwenyewe haji kulichukua.

Aliyemfundisha dawa ya kuungua alikuwa jirani yake Marthe, mama wa kwaya, aliyewahi kukaa Uvira na kupikia gesi.

"Mama Yunusu," Marthe alimwambia kutoka ng'ambo ya ua, "unapika sombe ao unachoma matofali? Sisi huku tunakoholea."

"Cheka tu, Marthe. Mi nimepunguza moto mpaka unataka kuzimika, bado inaunguza."

"Juu gaz inauma pahali pamoja. Tia chuma chini ya sufuria. Chuma nzito, ya muviringo, na matundu. Moto inakula chuma kwanza, njo inafika ku chakula ikiwa imechoka."

"Inauzishwa wapi?"

"Kuuzishwa wapi, mama? Inatengenezwa. Peleka chuma kwa Placide, ule mutu wa Lubondja anafanyaka milango kule ku soko. Lakini usimupelekee bati ya nyumba. Ile iko na dawa ya kungarisha, ikipata moto inatoa moshi mubaya, kifua itakuuma."

Sumaya akazunguka nyuma ya nyumba kutafuta chuma. Alikuta vipande vya boti ya Mahmudu, vimeliwa na kutu, ukivibonyeza vinavunjika kama biskuti. Alikuta kifuniko cha pipa, chepesi mno. Akarudi mbele, na mkono wake ukaangukia bamba.

Alilinyanyua. Lilikuwa zito vizuri, na upana wake ulikuwa upana wa sufuria ya sombe. Akasimama nalo. Hakusahau kwamba ni la Yasmina, asingeweza kusahau. Aliwaza hivi: makala hakuna tena humu ndani, bamba halina kazi, na kitu hiki nakifanya kwa ajili yake mwenyewe, apate kula vizuri. Nyumba yetu ni moja. Tena akaona raha ya kumshtukiza, amwone Yasmina akionja na kushangaa.

Mlango wa Yasmina ulikuwa wazi. Ilikuwa ni kupita chini ya kamba ya nguo na kuuliza. Sumaya alilifunga bamba kwenye kitenge, akatoka kwa lango la njiani.

Placide alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi. Alilipokea bamba, akaligonga kwa kifundo cha kidole, likalia.

"Ee, mama. Hii chuma si ya leo. Ya sasa zinalia sawa kopo. Iko ya nani?"

"Ya kwetu."

"Nikitoboa, haitarudi kuwa ile ilikuwa. Mi nasema mapema, juu kuko bamama banakuya kunilaumu, eti Placide ulinialibia."

"Toboa," Sumaya akasema.

Placide akaanza kazi. Kwanza aliukata mpini kwa msumeno wa chuma, kwa sababu ungeinua bamba upande mmoja na sufuria ingelala. Halafu akaulaza ule ukingo kwa nyundo, akaupigapiga kuzunguka mpaka chuma kikawa tambarare kama meza. Akachora miduara kwa msumari uliofungwa uzi.

"Katikati tunaacha hivi hivi," akaeleza, "njo pahali moto inapiga sana. Matundu tunaweka pembeni, joto ipande pole pole, izunguke sufuria yote." Akatoboa, tundu baada ya tundu. Mwisho akalitupa bamba ndani ya moto wa kazi yake mpaka mafuta na masizi ya miaka yakaungua, akalitoa jeusi, safi, kitu kipya.

"Na mukono yake?" akauliza, akimwonyesha Sumaya ule mpini uliolala vumbini. "Niitupe?"

"Lete," Sumaya akasema. Akaufunga kwenye pembe ya kitenge. Hakujua wa nini.

Ijumaa ikafika. Aliweka chuma juu ya moto, sufuria juu ya chuma, na akasimama kuangalia. Ule moto wa buluu uliokuwa ukiruka kama ulimi uligonga chuma, ukatulia, ukasambaa. Baada ya kitambo sombe ikaanza kutokota taratibu, pu, pu, kama ilivyotokota juu ya makala. Sumaya aliswali, akamaliza nyiradi zake zote, akaongeza na dua ya Mahmudu, na pua yake haikusikia kitu ila mawese. Akapita chini ya kamba ya nguo.

"Kuya leo," alimwambia Yasmina mlangoni. "Usipokuya nitakula yote peke yangu, na tumbo ikiniuma utanibeba weye."

"Nitakubebea wapi, na uzito ule?" Yasmina alisema. Lakini akatabasamu, akajifunga kitenge, akaja.

Alikata tonge dogo la heshima, akachovya. Akakata lingine, kubwa. Alikula mpaka upande wake wa sinia ukawa mweupe, akasogea mpaka mpakani mwa Sumaya, kama zamani.

"Yaya," akasema, "umerudisha mbabula."

Sumaya alitabasamu. Utamu wa siri ulimjaa kinywani, akataka akae nao kidogo. "Kula kwanza," akajibu.

Ni maneno mawili tu, lakini baadaye aliyajutia kama mtu aliyeapa uongo. Kwa sababu Yasmina, akidhani moto umerudi, alifunguka. Alizungumza kama hajazungumza tangu gesi iingie uani. Alimkumbusha Mahmudu alivyoanguka ziwani na koti lake la Idi. Akamwambia pia habari ambayo Sumaya hakuwa nayo: Bahati, binti yake, alikuwa anamwita Kazimia akae naye.

"Anasema, mama, unafanya nini huko peke yako? Mi nikamuambia, ngoja kwanza."

"Unangoja nini?" Sumaya aliuliza.

Yasmina alicheka kidogo, akatazama mlango wa jikoni. Akanawa mikono, akasimama.

"Sasa nikamate moto yangu kabisa, nichemshe chai. Bamba yangu niliiachaka pale ku mulango. Siioni."

Yasmina akaingia jikoni mwenyewe. Alitafuta mbabula kwa macho, akaiona pembeni imefunikwa gunia, vumbi juu. Akaona jiko la gesi limezimwa. Akainua sufuria ya sombe, akaiweka chini.

Alishika kile chuma kwa pindo la kitenge chake, maana bado kilikuwa na joto, akakigeuza mpaka akaona lile kovu la nyundo. Akakiinua kuelekea dirishani. Mwanga ukapenya matunduni, ukamwangukia kifuani vidoti vidoti.

"Nilitengenezesha juu yako," Sumaya akasema nyuma yake. "Sombe isiungue. Nilisema haukuyi tena juu ya ile kuungua."

"Sombe?" Yasmina aliuliza, kama mtu aliyeulizwa jambo la nchi nyingine. "Yaya, miaka yote ile wakati makala yalikuwa makali tulikulaka ngapi ya kuungua? Nilisemaka kitu?"

"Hapana."

"Niliiacha hapa, nikasema siku yaya atawasha moto ataniita." Alikirudisha chuma juu ya jiko, akakiweka sawa katikati, kwa uangalifu. "Ungeniuliza."

"Nilitaka nikushangaze."

"Ni ng'ambo ya ua tu."

Sumaya alitaka kusema kwamba alikuwa amewaza kuuliza, na kwamba hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Mukono yake iko wapi?" Yasmina akauliza.

Sumaya akautoa kwenye kikapu cha vitunguu alimokuwa ameuweka. Yasmina akaupokea kwa mikono miwili, kama alivyopokea kile kiberiti. "Aksanti kwa chakula, yaya. Sombe ilikuwa muzuri. Kweli." Na ilikuwa kweli, hakuwa akimkejeli, na Sumaya angeona nafuu kama angekejeliwa.

Kesho yake Sumaya alirudi sokoni na chuma kwapani.

"Ziba matundu," alimwambia Placide.

"Mama, nilikuambia nini?" Lakini alipomwangalia usoni aliacha mzaha. "Naweza kuziba, itakuwa viraka tupu. Ikipata makaa ya moto, viraka vinaachana, moto inamuangukia mutu ku miguu. Nikutengenezee ingine, ya mupya, na mukono yake."

Akamtengenezea. Lilikuwa bamba zuri, ukingo umekaa sawa, mpini umekaza. Sumaya alinunua makala, akaitoa mbabula kwenye gunia, akaipangusa. Baada ya swala ya alfajiri aliwasha. Moshi ulimwingia machoni, akauacha uingie. Makala yalipoiva alichagua yale ya katikati, akayapanga kwenye bamba jipya, akavuka ua. Kwa miaka yote ya nyumba ile, moto ulikuwa haujawahi kubebwa na mke mkubwa kwenda kwa mke mdogo.

Yasmina alikuwa ameketi mlangoni kwake. Jiko lake dogo lilikuwa linawaka, birika juu, kiberiti kando ya mguu wake. Ndani, nyuma yake, begi lilikuwa juu ya kitanda.

"Nakuletea moto," Sumaya akasema.

Yasmina akasimama kwa heshima. "Aksanti, yaya," akasema kwa upole. "Moto iko."

Wakasimama. Sumaya hakujua aende na bamba ao alitue, mpini ukianza kumchoma vidole. Yasmina akaliona hilo, akalipokea, akaliweka chini kati yao, akamsogezea kigoda na kumimina chai. Wakanywa. Walisema kwamba ziwa limetulia. Yasmina akasema Bahati amemwombea nafasi kwenye boti ya Jumatatu.

"Utarudi?" Sumaya akauliza.

"Mungu akipenda."

Makaa yalipata rangi ya majivu pembeni, kisha katikati. Hakuna aliyeyapepea. Chai ilipokwisha Yasmina aliyamwaga kwenye mchanga, akalifuta bamba jipya kwa jani la mgomba, akamrudishia mwenyewe.

"Usiiache huku. Itapata kutu," akasema.

Ijumaa baada ya boti kuondoka, Sumaya alipika sombe juu ya chuma cha matundu. Aliswali bila haraka. Alipakua kwenye sinia lile lile kwa sababu hakuwa na wazo la kutumia sahani, akala upande wake, na upande wa pili ukabaki kama alivyoupakua. Akaufunika, akampelekea Marthe.

Marthe alionja amesimama. "Ee, Mama Yunusu. Kumbe ule mutu wa Lubondja anajua. Na mi nitaenda anitobolee."

"Utamupelekea chuma ya nani?"

Marthe akacheka, mdomo umejaa. "Ya nani? Ya kwangu, mama. Ya nani tena?"

"Ndiyo," Sumaya akasema, akichukua sinia lake. "Angalia iwe ya kwako."